Dada Mshauri: Kikosi changu kina nguvu, mbona kinashindwa?

BARUA

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Jinja. Nimemaliza Senior Six na ninasubiri matokeo ya UACE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ya juu, huku nikimsaidia mjomba dukani. Jioni duka likishafungwa huenda kwenye mkahawa wa intaneti ambako vijana kadhaa tunakutana kucheza Pokémon Showdown, ule mchezo wa kupiganisha Pokémon, viumbe wa kubuni wa michezo ya video, unaochezwa bure kwenye kivinjari. Mwisho wa mwezi tutafanya mashindano yetu wenyewe, mmoja kwa mmoja, kila mchezaji akiwa na viumbe sita, kwa kanuni za kizazi cha tisa cha michezo ya Pokémon.

Kikosi changu ni Charizard, Dragonite, Salamence, Garchomp, Hydreigon na Tyranitar. Sikuwachagua ovyo, kwa kuwa watano kati yao wana jumla ya nguvu za asili, yaani sifa zote za kupigana kuanzia uhai hadi kasi, ya 600, kiwango ambacho Pokémon wa kawaida hawakifikii kwa urahisi. Charizard ana 534 tu, lakini huyo nimempenda tangu utotoni na sitaki kumwacha. Nikicheza, ninaanza vizuri na mara nyingi ninawaangusha wawili wa mpinzani mapema. Kisha anaingia kiumbe mmoja, mara nyingi Iron Valiant, naye anawamaliza wangu wote mmoja baada ya mwingine bila mimi kuona mlango wa kutokea.

Rafiki yangu alisema kosa langu ni kukosa uwiano, nami nikajenga kikosi cha pili chenye aina mbalimbali: Charizard, Venusaur, Gyarados, Jolteon, Gengar na Lucario. Nacho kinashindwa, pengine kuliko cha kwanza. Binamu yangu aliyeko Kampala ananiambia niache kujisumbua, ninakili kikosi cha bingwa yeyote na nimtupe Charizard. Naomba unieleze uwiano huo wanaousema watu ni kitu gani hasa, na kama Charizard anaweza kubaki.

Mwenye Charizard, Jinja

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na Mungu akujalie matokeo mema. Charizard anaweza kubaki. Ila kwa ajili yake itabidi uwaage wengine watatu wa kikosi chako cha kwanza, na ningependa uelewe kwa nini, ili siku nyingine uweze kujenga kikosi bila kumwandikia mtu.

Tazama kwanza wale sita wako wa mwanzo. Ukimwondoa Charizard, watano wote waliobaki wanaumizwa zaidi ya kawaida na mapigo ya aina ya Fairy (vibwengo; kila kiumbe na kila pigo lina aina yake, na aina huzidiana): Dragonite, Salamence na Garchomp kwa sababu ya ujoka wao, Tyranitar kwa sababu ana aina ya giza, na Hydreigon, ambaye ana joka na giza kwa pamoja, pigo hilo humwingia mara nne. Aina ya Fairy iliingizwa mwaka 2013 na michezo ya X na Y. Kabla ya hapo ni chuma peke yake kilichostahimili mapigo ya joka; tangu wakati huo yupo mpinzani asiyeguswa nayo hata kidogo, ambaye yeye huwaumiza majoka maradufu. Iron Valiant ni wa aina hiyo pamoja na aina ya mapigano. Kasi yake ya asili ni 116, ilhali Garchomp, mwepesi kuliko wenzake wote katika kikosi chako, ana 102. Charizard na Salamence wana 100, Hydreigon 98, Dragonite 80 na Tyranitar 61. Kwa hiyo anapoingia akiwa na Moonblast, pigo lake la Fairy, mambo yakiwa sawa kwenu katika mengine, anawatangulia wote sita na watano kati yao huumizwa vibaya na pigo lake. Hapo mchezo ulikwisha kuamuliwa siku ulipoandika majina sita, hata kama uliangusha wawili wake mwanzoni.

Utaniambia kwamba Charizard hustahimili Fairy. Ni kweli, moto hupunguza pigo hilo kwa nusu, na hapo ndipo penye jambo linaloniuma zaidi katika kikosi chako. Mpinzani yeyote anayejua kazi yake hutandaza Stealth Rock katika zamu za mwanzo, yale mawe yanayomjeruhi kila anayeingia uwanjani kulingana na udhaifu wake kwa aina ya mwamba. Kiumbe wa kawaida hupoteza sehemu moja ya nane ya uhai wake, Dragonite na Salamence hupoteza robo, na Charizard, ambaye ni moto na ndege kwa pamoja, hupoteza nusu nzima kabla hajapigwa hata pigo moja. Yaani mlinzi wako pekee dhidi ya adui anayekumaliza ndiye huyo huyo asiyeweza kuingia mara mbili, na katika kikosi kizima hukumpa yeyote kazi ya kuyaondoa mawe hayo.

Tena Tyranitar anawadhuru wenzake. Kipaji chake cha Sand Stream huleta dhoruba ya mchanga inayodumu zamu tano, na kila zamu humnyang'anya sehemu moja ya kumi na sita ya uhai kila kiumbe asiye wa mwamba, ardhi au chuma. Garchomp anasalimika, Charizard, Salamence, Hydreigon na Dragonite hawasalimiki. Dragonite ana kipaji cha thamani kubwa, Multiscale, kinachopunguza pigo kwa nusu maadamu uhai wake haujapungua hata kidogo, na chembe za mchanga wa rafiki yake zinatosha kukizima. Viumbe wawili wazuri, kila mmoja kwa nafasi yake, wanaharibiana kazi kila wanapopangwa pamoja.

Kama umekua ukiwatazama wazee wakicheza omweso, utakumbuka kwamba shimo la mbele na lililo nyuma yake yakiwa na kete yote mawili, ndipo adui anapoweza kuzizoa zote kwa mkupuo, na aliyeacha moja likiwa tupu ameziokoa za jingine. Majoka yako yamepangwa shimo nyuma ya shimo. Jumla ya 600 haikusaidii kitu hapo, kwa sababu anayepiga mmoja amewapiga wote.

Sasa rafiki yako hakukosea aliposema huna uwiano, alikosea dawa. Katika kikosi cha pili aina zimetofautiana kweli, lakini kazi haikutofautiana. Wote sita uliwaweka wapige. Jolteon na Gengar ni wepesi na wakali, ila miili yao haihimili mapigo. Lucario naye si wa kuvumilia. Hakuna hata mmoja uliyempa jukumu la kuingia wakati mwenzake ametishwa, akapokea pigo, akajiponya na kuendelea kuwa na manufaa. Ukikitazama kikosi chochote, jiulize kuhusu kila mmoja: huyu akikutana na anayemshinda, ni nani kati ya watano waliobaki atakayeingia kwa usalama? Kama jibu ni kwamba hayupo, hapo pana tundu, na mpinzani mzuri ataliona kabla yako. Uwiano, kwa maoni yangu, ni kuwa na jibu la swali hilo kwa kila kiumbe, au karibu kila kiumbe.

Nakushauri ubaki na Charizard, Dragonite na Garchomp, uwaondoe Salamence, Hydreigon na Tyranitar, na mahali pao uwaingize Corviknight, Rotom-Wash na Gholdengo. Nieleze kwanza watatu walio mhimili, maana ndio niliowafikiria sana.

Garchomp, badala ya kumfanya mshambuliaji mwingine, mpe uhai na ulinzi mwingi na umkabidhi kazi ya kutandaza Stealth Rock kwa upande wako. Ana kipaji cha Rough Skin kinachomjeruhi kwa sehemu moja ya nane kila anayempiga kwa kumgusa, na Earthquake, pigo lake la ardhi, inaogopwa hata kama hujaongeza nguvu zake za kushambulia. Anaogopa barafu, joka na Fairy. Corviknight, ambaye ni ndege wa chuma, hupunguza kwa nusu mapigo ya joka na ya Fairy, na barafu kwake ni pigo la kawaida. Corviknight naye anaogopa mambo mawili tu, moto na umeme, na Garchomp haguswi na umeme, tena hupunguza moto kwa nusu. Unaona jinsi hawa wawili wanavyopeana zamu: kila anachokiogopa mmoja, mwingine anakiweza, isipokuwa barafu, ambayo Corviknight huivumilia bila kuidharau. Hapo ndipo anapoingia Rotom-Wash, mwenye umeme na maji pamoja na kipaji cha Levitate kinachomwinua asiguswe na mapigo ya ardhi. Huyu hupunguza kwa nusu barafu na moto pia, na udhaifu wake ni mmoja tu, majani. Majani nayo ndiyo yanayopungua hadi robo yakimpata Corviknight, Charizard au Dragonite.

Utakapoizoea hiyo duara ya watatu, utaona kwamba huhitaji kukisia kila zamu. Mara nyingi anayefaa kuingia anajulikana, na kinachobaki ni kuamua kama mpinzani naye amekisoma hicho. Corviknight ana Roost ya kujirudishia nusu ya uhai, ana U-turn ya kupiga na kutoka papo hapo, na ana Defog ya kufagia mawe. Rotom-Wash ana Volt Switch, inayofanya kazi kama U-turn kwa njia ya umeme, na Will-O-Wisp, inayomchoma mpinzani na kupunguza kwa nusu madhara ya mapigo yake ya mwili. Mbinu hiyo hukosea wakati mwingine, kwa kuwa uhakika wake ni asilimia 85. Kwa U-turn na Volt Switch unaweza kumleta Charizard uwanjani baada ya pigo la mpinzani kuwa limekwisha kumwangukia mwingine, na hilo kwa kiumbe dhaifu wa mwili ni neema kubwa.

Gholdengo ndiye jibu la Iron Valiant. Ni chuma na mzimu: Fairy humpata nusu, mapigo ya mapigano hayamgusi kabisa. Mpe Choice Scarf, inayoongeza kasi kwa nusu yake lakini humfunga kwenye pigo la kwanza alilochagua mpaka atoke. Ukimpa pointi za mafunzo kwenye kasi hadi kikomo na hulka inayoongeza kasi, katika kiwango cha 100 kasi yake hufika 439 akiwa na Choice Scarf, wakati Iron Valiant mwenye kasi yote anayoweza kuipata bila msaada wa kifaa hufika 364. Make It Rain, pigo lake la chuma, humwangukia Iron Valiant maradufu. Angalia tu asiwe na Booster Energy, kifaa cha kumwongezea kasi, maana hapo hesabu inageuka. Tena kipaji cha Gholdengo, Good as Gold, huzuia mbinu zisizo za kupiga zinazomlenga, Defog ikiwemo, na umzimu wake huzuia Rapid Spin, pigo jingine la kuondoa mawe. Kwa hiyo mawe ya Garchomp yakishatandazwa, mpinzani hupata shida kuyaondoa wakati Gholdengo yuko uwanjani. Uwe mwangalifu wewe mwenyewe: Defog ya Corviknight hufagia pande zote mbili, kwa hiyo usiitumie kwa mazoea, bali pale mawe ya adui yanapokugharimu kuliko yako yanavyomgharimu.

Sasa Charizard. Mvalishe Heavy-Duty Boots, kifaa kilicholetwa na kizazi cha nane mwaka 2019, kinachomkinga anayekibeba dhidi ya mawe na mitego yote ya sakafuni. Kifaa hicho peke yake kinamrudishia nusu ya uhai wake uliyokuwa ukiipoteza bure. Mashambulizi yake maalumu ya asili, yaani ukali wa mapigo yasiyo ya mwili, ni 109, kwa hiyo mpe pigo moja la moto na moja la ndege. Nitakuwa mkweli kwako: wapo wanaoifanya kazi hii vizuri kumzidi. Hata hivyo mchezaji anayempenda kiumbe wake hujifunza tabia zake zote, anajua ni pigo gani atalivumilia na lipi litamuua, na ujuzi huo una uzito. Nisingekushauri umwache.

Dragonite naye mpe Heavy-Duty Boots, ili Multiscale ibaki nzima, pamoja na Dragon Dance inayoongeza nguvu na kasi kwa nusu kila moja, na Extreme Speed inayotangulia karibu mapigo yote. Yeye ndiye wa kumalizia mchezo, kwa hiyo usimlete mapema kwa sababu tu una hamu ya kupiga.

Kuhusu pointi za mafunzo, kila kiumbe ana 510 na hawezi kuweka zaidi ya 252 kwenye sifa moja. Nadhani kwa wote sita uliziweka kwenye kupiga na kasi. Corviknight, Rotom-Wash na Garchomp waanze na 252 kwenye uhai.

Kikosi hiki kina tundu lake, nami sitalificha. Hakuna hata mmoja kati ya hao sita anayestahimili aina ya giza, na Gholdengo anaiogopa. Utakutana na Knock Off, pigo la giza linalomwondolea mpigwaji kifaa chake na kumuumiza zaidi kwa kuwa alikuwa nacho. Charizard akipigwa nalo, viatu vyake vimekwenda, na mawe yanarudi kuwa kifo kwake. Wanaolitumia pigo hilo kwa kawaida ni wapigaji wa mwili, na ni pigo la kugusa, kwa hiyo mpokee wa kwanza awe Garchomp ambaye Rough Skin yake itamjeruhi mpigaji, au Rotom-Wash atakayejibu kwa Will-O-Wisp. Mzimu pia haustahimiliwi na yeyote, lakini hapo una Terastal, badiliko la aina linaloruhusiwa mara moja tu katika pambano. Dragonite akibadilishwa kuwa wa aina ya kawaida, mzimu haumgusi, barafu na Fairy zinakuwa mapigo ya kawaida kwake, na Extreme Speed inaongezeka ukali. Kwa hiyo katika mapambano mengi ningeitunza Terastal kwa ajili yake.

Binamu yako wa Kampala ana hoja asiyoimaliza. Kunakili kikosi cha bingwa ni njia nzuri ya kujifunza, mradi uweze kueleza kazi ya kila mmoja aliyemo. Umewahi kusikia habari za Pachirisu? Mwaka 2014, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Washington, D.C., Sejun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa akiwa na kindi huyo mdogo wa umeme ambaye nguvu zake za asili kwa jumla ni 405 na za kushambulia ni 45 tu. Mashindano yale huchezwa kwa viumbe wawili wawili uwanjani, na Pachirisu alipewa Follow Me, mbinu inayovuta kwake mapigo ambayo yangemwangukia mwenzake. Mwenzake mmoja alikuwa Gyarados, ambaye kabla hajageuka kuwa Mega Gyarados huumizwa mara nne na umeme, na Pachirisu alikuwa na kipaji cha Volt Absorb kinachougeuza umeme kuwa uhai. Mtu angenakili majina yale sita na kumfanya Pachirisu mshambuliaji, asingefika popote. Park alimpa kazi ambayo wengine wenye nguvu kumzidi wasingeifanya vile katika kikosi kile.

Kabla ya mashindano cheza na kikosi hiki mapambano ya kutosha, na kila unaposhindwa fungua rekodi ya pambano ambayo Showdown hukuruhusu kuihifadhi. Usianzie kwenye zamu uliyoangushwa wa mwisho. Rudi nyuma mpaka zamu ambayo kwa mara ya kwanza hukuwa na mtu wa kuingiza kwa usalama, uandike ni kwa nini: pengine ulimchosha Corviknight mapema kwa kumfanya apokee mapigo ambayo Rotom-Wash ndiye angepaswa kuyapokea, au ulimtoa Gholdengo kafara ili umwokoe mwingine aliyekuwa amekwisha kufa kwa vyovyote. Makosa ya namna hiyo ndiyo yatakayokuambia nani abadilishwe. Kama baada ya mapambano mengi utaona giza linakusumbua kupita kiasi, mtazame upya yule wa sita, Gholdengo. Corviknight na Garchomp usiwaguse.

Kagua pia na wenzako orodha ya waliopigwa marufuku mtakayoitumia, kwa sababu katika Showdown kila daraja lina kanuni zake na hubadilishwa mara kwa mara. Kubalianeni mapema ili asije mtu akabishana siku yenyewe.

La mwisho ni kwa kuwa unachezea mkahawani. Vikosi unavyovijenga kwenye Showdown huhifadhiwa ndani ya kivinjari cha kompyuta ile ile, kwa hiyo mhudumu akikisafisha, au ukikaa kwenye mashine nyingine, hutavikuta. Kwenye ukurasa wa kujengea vikosi ipo sehemu ya kukitoa kikosi kikiwa maandishi matupu. Yanakili, ujitumie kwenye simu yako, na siku ya mashindano utayabandika katika kompyuta yoyote utakayopangiwa.

Dada Mshauri